Zuwena na Mayai Elfu ya Bustani Iliyofungwa

Wasimulizi wa kale wamepokezana habari hii, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi yaliyopita, ya kwamba katika mji wa Kharmali, mji wenye malango saba na masoko ya hariri na visima visivyokauka, alitawala Sultani aitwaye Jabiri bin Maadi, naye alikuwa na enzi na hazina na majeshi, na pamoja na hayo yote hakuwa na mtoto. Mkewe, Malkia Durra, alikuwa amemzalia watoto watano, wote wanaume, na Sultani akamwita kila mmoja wao Maadi kwa jina la baba yake, na hapana hata mmoja aliyevuka siku arobaini.

Na ilikuwapo desturi katika ukoo ule, iliyowekwa na masultani waliotangulia, ya kwamba mtoto wa Sultani akizaliwa, kabla jasho la mama yake halijakauka, huchukuliwa akapelekwa katika Jumba la Juu na kukabidhiwa watumishi arobaini, kila mtumishi na kazi yake: huyu wa kuogesha, huyu wa kupepea, huyu wa kufukiza udi, huyu wa kunyonyesha asubuhi na yule wa kunyonyesha jioni, na mwingine wa kushika mto wa dhahabu asifanye kazi nyingine yoyote. Ama mama, hakuruhusiwa kumwona mwanawe ila siku ya Ijumaa, akiwa amevaa taji lake, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Watu wa mji waliiona desturi hiyo kuwa ni utukufu mkubwa, na wanawake masikini waliokaa na watoto wao mgongoni waliisimulia kwa kuitamani.

Katika mji huo alikaa tabibu wa Sultani, Hakimu Idarusi, mtu mpole wa maneno machache, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Zuwena, ambaye mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa baina ya kinu na mchi na vitabu vya dawa, hata akawa anajua mizizi na majani kama baba yake. Yeye ndiye aliyembebea baba yake mkoba wa dawa kila alipoitwa Jumba la Juu, na mara mbili aliona kwa macho yake mtoto wa Sultani akiwa tayari amekufa, mwili umepoa, na baba yake akiwauliza watumishi, "Amekuwaje? Ameanza lini?" na mmoja akajibu, "Mimi ni wa kupepea tu, hakimu," na mwingine akajibu, "Mimi nilidhani mwenzangu amemtazama." Zuwena hakuyasahau majibu yale.

Ikawa Malkia Durra ameshika mimba ya sita, nayo imefika mwezi wa sita, na Sultani akawa hali wala hasikii utamu wa kitu. Siku moja barazani, Waziri Kinana, mtu aliyependa kuwa wa kwanza kusema, akainuka akanena:

"Ee bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Nimefikiri jambo. Huyu buibui, mdudu dhaifu afagiliwaye kwa ufagio, hutaga mayai elfu kwa mara moja, na kizazi chake hakikatiki duniani tangu zama za zama. Bila shaka iko nguvu ndani ya mayai hayo. Na yakusanywe, yatwangwe, Malkia anyweshwe, na nguvu ile itaingia katika tumbo lake, na nyumba yako haitakuwa tupu tena."

Sultani akamgeukia Hakimu Idarusi akasema, "Umesikia. Tengeneza."

Hakimu akainamisha kichwa akasema, "Bwana wangu, nimesoma vitabu vya baba yangu na vya babu yangu, sikuiona dawa hiyo. Nikikutengenezea kisichokuwa dawa, nitakuwa nimekudanganya wewe na huenda nikamdhuru Malkia. Unisamehe, siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi kutaka, bwana wangu."

Basi Sultani akaghadhibika, maana mtu mwenye hofu hukasirishwa na mwenye utulivu, akaamuru hakimu atiwe gerezani, na kwamba dawa isipopatikana kabla Malkia hajajifungua, shingo yake ikatwe.

Zuwena alipopata habari hakulia mbele za watu. Alijifunga ushungi wake, akaenda barazani, akapiga magoti akasema, "Ewe Sultani, baba yangu hana mtoto ila mimi, nami sina mzazi ila yeye. Nipe ruhusa niende mimi kuyatafuta hayo mayai."

Sultani akasema, "Nenda. Na Shaweji akufuate, usije ukatoroka."

Shaweji huyo alikuwa mkuu wa walinzi wa gereza, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni, na Zuwena alimchukia siku ile kwa sababu ndiye aliyemtia baba yake pingu; lakini njiani Shaweji akamwambia, bila ya kumtazama, "Nimempa mzee chumba chenye dirisha. Na pingu sikuzikaza," na mwendo wa Zuwena ukapungua ukali.

Sasa, katika mji ule buibui walikuwa haba, kwa vile wafagiaji wa Sultani walifagia hata dari za maskini, na mahali pekee walipojaa palikuwa Bustani Iliyofungwa, aliyoiacha bibi wa babu yake Sultani, na watu wote waliiogopa kwa sababu ilisemekana ina jini. Walipofika langoni, Shaweji akaweka mkuki wake chini akasema, "Bibi, mimi ningeingia nawe, lakini langoni pameandikwa kwamba asiingie zaidi ya mmoja. Nitakaa hapa. Kila siku adhuhuri nitaita jina lako, nawe uitike, nijue kama u hai."

Zuwena akaingia, mkononi ana kikapu na mkasi, na tazama, bustani nzima ilikuwa imefunikwa tando, kutoka mkomamanga hadi mlimau na kutoka mlimau hadi ukuta, na jua likizipiga zikimetameta kama vito vilivyomwagwa hewani. Chini ya jani la mkomamanga akaona mfuko mdogo wa rangi ya dhahabu, sawa na zabibu, akajua kuwa ndimo yalimo mayai. Akaufungua mkasi. Na kabla hajaufunga, tando zote za bustani zikatetemeka kwa pamoja, na mbele yake akasimama mwanamke mrefu mno, mavazi yake meusi toka utosini hadi unyayoni, na macho yake manane, mawili makubwa na sita madogo, yote yakimwangalia.

"Usiogope," akasema, "maana kama ningetaka kukudhuru usingeniona. Mimi ni Sarmada, jini niliyefungwa na mwenye bustani hii ili niilinde, na kifungo changu hakitafunguka mpaka aingie mtu na chombo chenye makali kisha atoke bila ya kukitumia. Miaka mia na ishirini nimengoja. Wewe umekuja kukata nini?"

Zuwena akamweleza kila kitu, na habari za baba yake, na habari za Waziri.

Sarmada akasema, "Waziri wako amehesabu mayai, lakini hakuuliza ni kwa nini yako mengi. Je, wewe unajua?"

"Sijui, bibi yangu."

"Mfuko ule ni wa buibui aliyekwisha kutangulia, na huwezi kujua kitu kwa kukikata. Ukitaka kujua, nitakuonyesha tangu mwanzo, ila kwa sharti. Utakachokiona utakisema mbele ya Sultani chote, hata kile ambacho hatapenda kukisikia, na ukificha neno moja, utarudi katika umbo nitakalokutia na kubaki humo hata ufe. Chagua. Mkasi ungali mkononi mwako, na mimi sina amri ya kukuzuia, nina amri ya kuuliza tu."

Zuwena akautazama mfuko ule, akamfikiri baba yake aliyesema "siwezi" mbele ya upanga, akaufunga mkasi. Hapo jini akavuta uzi mmoja wa utando, akauzungusha kidoleni mwa Zuwena, ukawa pete nyembamba ya fedha, na Zuwena akajiona anapungua kama sabuni mkononi mwa mfuaji, mpaka akawa sawa na punje ya mchele, na jani la mkomamanga likawa mbele yake kama uwanja.

Juu yake palitanda utando mkubwa, na katikati amekaa buibui jike, mwili wake wa manjano na mistari myeusi, mkubwa kama ng'ombe machoni pa Zuwena wa sasa. Na pembeni, juu ya tawi, palikuwa na buibui mwingine mdogo sana, hata Zuwena akadhani ni mtoto wake.

"Huyo ni dume," akanong'ona Sarmada sikioni mwake. "Mtazame."

Yule dume akafuma kijitambaa kisichozidi upana wa punje ya dengu, akadondosha juu yake tone moja la maji ya uzazi, kisha akalivuta lile tone kwa vikono viwili vilivyo kando ya kinywa chake, kama mtu ajazaye kalamu wino. Alipokwisha, akajongea ukingo wa utando wa jike, akagusa uzi mmoja akaupiga, kisha akangoja, kisha akaupiga mara mbili, kama mpiga udi anayejaribu nyuzi zake mbele ya mkubwa. Na kwa sababu ya ile pete, Zuwena akayasikia maneno yao.

"Nani agusaye nyumba yangu?" akauliza jike.

"Si mawindo, ewe bibi mtukufu, wala si adui. Mimi ni mgeni mwenye haja, na haja yangu waijua."

"Wako wengine waliokutangulia."

"Naona miguu yao inaning'inia pale chini."

"Na bado umekuja?"

"Nimekuja. Siku zangu ni chache, na nikirudi nilikotoka nitakufa vilevile, tena nitakuwa sikuacha kitu."

Nzi akanasa upande wa pili, naye jike akamwendea akamfunga na kuanza kumla, na wakati kinywa chake kina kazi, yule dume akakimbia juu ya uzi, akafika, akaiweka amana yake mahali pake, akaondoka mbio. Na pamoja na mbio zake akaacha nyuma mguu mmoja. Zuwena akajikuta amezishika nywele zake kwa mikono miwili.

Sarmada akamweleza kwamba jike huihifadhi amana ile tumboni, hata zikipita siku nyingi, mpaka mayai yake yatimie, na ndipo huyapa uhai.

Zuwena akakaa bustanini siku baada ya siku, akila makomamanga kwa ukubwa wake na kutazama kwa udogo wake, na kila adhuhuri Shaweji akaita kutoka langoni, "Bibi Zuwena!" naye akaitika. Kwanza aliitika tu. Kisha akawa anaulizia habari za baba yake. Kisha, bila ya yeyote kupanga, wakawa wanazungumza kwa muda mrefu, lango likiwa baina yao, na Shaweji akamweleza alivyolipata lile kovu, na namna anavyoipenda kazi ya bustani kuliko ya gereza.

Ikafika siku ambayo yule buibui alishuka utandoni mwake, tumbo limemjaa hata miguu inamlemea, akaja chini ya jani akafuma mkeka laini, na juu ya mkeka akataga mayai, na mayai yalikuwa madogo ya manjano kama mtama, yameshikamana, na Zuwena akayahesabu hadi akafika mia tisa, hesabu ikampotea. Kisha buibui akayafunika kwa hariri nyepesi kama pamba, na juu ya pamba ile akafuma nguo ngumu isiyopenya maji, akizunguka na kuzunguka kutwa nzima. Alipokwisha, lile tumbo lililokuwa kama zabibu lilikuwa limenyauka kama mkoba mtupu.

Zuwena akasogea akasema, "Bibi, samahani kwa kukusumbua nawe umechoka. Kwa nini mengi hivi?"

Buibui akamwambia, "Umekuja kutoka wapi wewe, usiyejua? Nyigu ana mwiba wa kuutoboa mfuko huu na kutia yai lake kati ya yangu, na mtoto wake akawala wanangu usingizini. Sisimizi watakuja. Mjusi anakaa ukutani, yule pale. Wakitoka, kuna ndege, na kuna mvua ambayo tone lake moja humvunja mtoto wangu mifupa ambayo hata hana. Na wakikosa chakula, watakulana wao kwa wao. Na mimi sitakuwapo. Hariri hii ndiyo iliyokuwa ya mwisho mwilini mwangu."

"Hutawaona?"

"Sitawaona. Ningalimjua yule atakayepona, ningalitaga yai moja tu, nikampa yeye nguvu zangu zote. Simjui. Basi nawatoa wote."

Siku ya nne, yule buibui alikuwa bado ameukumbatia mfuko wake, na upepo ulipovuma miguu yake ilitikisika bila ya yeye mwenyewe kuitikisa, na Zuwena akajua kuwa amekufa. Akalia kama aliye msibani, na Shaweji alipoita adhuhuri ile, akaitika kwa sauti iliyomfanya Shaweji akamate vyuma vya lango kwa mikono yote miwili na kuuliza, "Nani amekuumiza?"

"Hakuna," akasema Zuwena. "Amekufa mama mmoja."

Baadaye akamuuliza Sarmada, "Je, buibui wote huwaacha watoto wao?" Sarmada akamwonyesha chini, penye majani makavu, buibui wa rangi ya udongo asiyefuma utando, amebeba mfuko wake nyuma kama mwanamke aliyebeba mzigo, na baada ya siku kadhaa mfuko ukapasuka, na watoto wakampanda mgongoni, wakajazana hata hakuonekana yeye mwenyewe, naye akatembea nao kutwa kucha, na aliyeanguka akamngoja apande tena.

"Huyu alitaga mangapi?" akauliza Zuwena.

"Mia moja, si zaidi. Kila abebaye zaidi, hutaga kidogo."

Zuwena akayashika maneno hayo. Na majuma yalipopita, mfuko wa dhahabu wa yule mama aliyekufa ukatobolewa kwa ndani, wakatoka buibui wadogo kama vumbi, wakapanda hadi ncha ya juu ya mkomamanga, kila mmoja akainua mgongo wake juu na kutoa uzi mmoja hewani, na upepo ukawachukua mmoja mmoja, wakapita juu ya ukuta na juu ya paa za mji, mpaka mti ukabaki mtupu. Waliobaki bustanini Zuwena aliwatafuta kwa siku saba. Wengine aliwakuta kwenye njia ya sisimizi, wengine tumboni mwa mjusi, wengine katika mikono ya ndugu zao. Wazima aliwaona wawili.

"Nimeelewa," akamwambia Sarmada, akarudi katika umbo lake, akaokota kikapu chake kitupu na mkasi wake ulio safi, akatoka langoni. Na alipovuka kizingiti akasikia nyuma yake sauti kama kitambaa kinachochanika kutoka mbingu hadi ardhi, na alipogeuka, bustani ilikuwa na tando na ndege na mwanga tu, na jini ameondoka akiwa huru.

Malkia alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua. Baraza likakusanywa, na Malkia Durra akaketi nyuma ya pazia kama ilivyo desturi. Waziri Kinana akatazama ndani ya kikapu akasema, "Dawa iko wapi?"

Zuwena akasema, "Ewe Sultani, sikuleta mayai. Nimeleta sababu yake." Akasimulia yote aliyoyaona, kisha akasema: "Buibui hutaga elfu kwa kuwa hana siku za kulea wala mikono ya kubebea. Wingi ndio ulinzi wake pekee, na hata hivyo hubaki wawili. Yule abebaye mgongoni hutaga mia, na wa kwake hupona zaidi. Na sisi wanawake tunapewa mmoja kwa miezi tisa, kwa sababu tumepewa na kifua cha kumlazia. Lakini watoto wako, bwana wangu, walizaliwa mmoja mmoja kama watu, wakaachwa kama buibui."

Sultani akainuka kwenye kiti chake, uso wake umekuwa wa majivu. "Unaniambia kwamba mimi ndiye niliyewaua wanangu?"

Zuwena akaogopa, na moyo wake ukataka kusema hapana, na papo hapo pete ikaanza kumbana kidole. Akasema, "Watumishi arobaini walikuwa chumbani, na kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Hakuna aliyewaua, bwana wangu. Na hakuna aliyewatazama." Pete ikakatika, ikaanguka, ikawa uzi.

Waziri akapiga kelele, "Akatwe ulimi!" na walinzi wakasogea, Shaweji peke yake asisogee. Ndipo pazia likavutwa, jambo ambalo halijapata kutokea katika enzi ile, na Malkia Durra akatoka mbele ya wanaume wote, mkono mmoja umeshika kiuno, hana taji.

"Msichana huyu amesema nililolisema peke yangu kwa miaka tisa," akanena. "Bwana wangu, mume wangu, huyu niliye naye sitampa mtu. Ukitaka vichwa vya hakimu na binti yake, anza na changu, na mtoto yumo humu humu."

Sultani akamtazama mkewe kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha akasema, "Na awe kwako kwa siku arobaini. Akivuka, nitajua. Asipovuka, sitamsamehe yeyote, hata nafsi yangu."

Malkia akajifungua mtoto wa kiume, akamlaza kifuani mwake, akamnyonyesha mwenyewe, na Zuwena akakaa naye chumbani, na hakimu akabaki gerezani akingoja. Siku ya kumi na mbili, wakati wa jua kali, jumba zima limelala usingizi wa mchana na hata Zuwena ameinamisha kichwa, Malkia akafumbua macho ghafla akasema, "Pumzi yake imebadilika."

Zuwena akamtazama mtoto, midomo inaanza kuwa ya buluu, maziwa yamemkaba na kohozi limemziba. Akamgeuza kifudifudi juu ya mkono wake, akampiga mgongoni taratibu kama alivyofunzwa, lakini kohozi halikutoka. Akapiga kelele dirishani kwa jina la kwanza lililomjia, "Shaweji! Mlete baba!" na Shaweji hakungoja amri ya mtu, akafungua mlango wa gereza, akambeba yule mzee begani na pingu zake, akapanda naye ngazi. Hakimu akaingiza kidole kimoja kooni mwa mtoto, akavuta kohozi, akageuza, akapuliza, na mtoto akanyamaza kitambo ambacho kila aliyekuwamo alikiona kama mwaka, kisha akalia kwa nguvu zake zote.

Sultani alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, kilemba hana. Akamuuliza mkewe, "Ulijuaje, nawe ulikuwa umelala?"

"Alikuwa hapa," akasema Malkia, akijigusa kifua. "Nilisikia."

Sultani akaketi sakafuni. Baada ya muda akanyoosha mikono yake, akasema kwa sauti ndogo, "Nionyeshe namna ya kumshika."

Mtoto akavuka siku arobaini, na Jumba la Juu likafungwa. Hakimu Idarusi akavishwa joho, akapewa nyumba yenye ua na kisima. Waziri Kinana akavuliwa cheo, akaenda shambani kwake. Na Sultani alipomtaka Zuwena achague mume katika wana wa wakubwa, Zuwena akasema, "Mume wangu nimekwisha kumjua, tulizungumza miezi miwili lango likiwa katikati," na Shaweji aliyekuwa amesimama nyuma akadondosha mkuki wake. Wakaoana kwa karamu ya siku saba, na Sultani akawapa ile bustani iwe yao, na mali ya kuwatosha wao na watakaozaliwa.

Ama Sultani, ilisimuliwa kwamba asubuhi moja baada ya harusi alimwomba Malkia wafuatane kwenye makaburi madogo matano nyuma ya msikiti, mahali ambapo tangu kuwazika hakuwahi kurudi. Malkia akambeba mtoto. Walipofika Sultani akasimama asijue aanzie wapi.

"Wote niliwaita Maadi," akasema. "Kana kwamba ni mmoja."

Malkia akasema, "Mimi niliwapa majina yao, kimoyomoyo." Akatembea toka kaburi hadi kaburi, akisema: "Huyu Nuru. Huyu Hafidhi. Huyu Shukuru, maana alizaliwa mvua ikinyesha. Huyu Latifu. Na huyu, nilipewa kumwona Ijumaa moja tu, Habibu."

Sultani akayarudia majina yale moja moja, akikosea na kusahihishwa, mpaka akayashika. Kisha akauliza, "Na huyu tuliye naye, anaitwa nani? Watu wote wanangoja niseme."

"Wewe sema," akajibu Malkia.

"Hapana," akasema Sultani. "Sema wewe."

Hivi ndivyo yalivyokuwa katika mji wa Kharmali, na wenye kusimulia wametuachia funzo hili: aliyejaliwa wachache asijilinganishe na mwenye wengi, bali awatazame alio nao kwa macho yake mwenyewe. Nasi tuliopokea tumeyafikisha. Aliyesikiliza na awe na amani nyumbani kwake.